Binti amefaulu P7: je, asubiri mwaka mmoja?

Swali la msomaji: "Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni baba wa watoto wanne hapa Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ni kuuza nguo za mitumba sokoni. Binti yangu amepata jumla ya 17 katika mtihani wa P7, ule wa kumaliza shule ya msingi, daraja la pili. Kaka yake anaingia S3, mwaka wa tatu wa sekondari, katika shule ya bweni ya binafsi, na karo yake peke yake inanimaliza. Shangazi yao aliye Kampala anasema binti aende akae naye mwaka mmoja, amsaidie dukani na nyumbani, kisha mwakani nikipata nguvu aanze S1. Wazee wetu nao wananiambia kwamba msichana akisoma sana, faida inakwenda kwa watu wa mume wake. Naomba unieleze bila kunificha: kumsomesha msichana kuna faida gani hasa kwa watu wa hali yetu, na huo mwaka mmoja utamdhuru?"

Jibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza mpe binti pongezi zangu. Jumla ya 17, katika mtihani ambao iliyo bora kabisa ni 4 na ya mwisho ni 36, ni matokeo ya mtoto aliyesoma kwa bidii, na naamini alikuwa akichota maji na kuosha vyombo kabla ya kufungua daftari, kwa maana ndivyo mabinti wetu wengi wanavyosoma. Umeniuliza mambo mawili, na nitaanza na lile la pili, kwa sababu faida ya elimu unaweza kuitafakari hata mwezi ujao, lakini S1 inaanza hivi karibuni na nafasi ya binti yako itachukuliwa na mwingine.

Mwaka huo utamdhuru, na huenda ukawa ndio mwisho wa masomo yake. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 26, na katika miaka 11 ya mwisho nilikuwa mwalimu mlezi wa wasichana, yule ambaye binti humwendea akianza hedhi darasani au akiwa na jambo asiloweza kumwambia mwalimu wa kiume. Wengi walikuja kuniaga kwa maneno yaleyale yaliyo katika barua yako: wanakwenda kwa shangazi, kwa dada mkubwa, kwa mama mdogo, na mwakani watarudi. Niliowaona tena wakiwa wamevaa sare ni wachache kiasi kwamba nawakumbuka mmoja mmoja, kwa sura na kwa sauti.

Mvulana wa miaka 14 akikaa nje ya shule mwaka mmoja, atasukuma mkokoteni, atabeba magunia mpakani, na watu wataendelea kumwita kijana. Msichana wa umri huohuo akivua sare, mtaa mzima unaanza kumhesabu kuwa mwanamke. Sare ya shule, hata iliyopauka na kushonwa viraka, inamwambia mwendesha boda boda, mwenye duka na mpangaji wa jirani kwamba huyu bado ni mtoto na ana watu wanaomngoja darasani kesho asubuhi. Ikishavuliwa, wanaanza kumpa lifti na kumtumia salamu, na wapo watakaomnunulia simu. Wakati huohuo nyumba aliyohamia inazoea mikono yake. Sidhani kwamba shangazi ana nia mbaya, lakini Januari ijayo atakuwa na mtoto mchanga au duka litakuwa limepanuka, na kumrudisha binti Busia kutaonekana kuwa ni kumwonea shangazi aliyemlea mwaka mzima. Mtoto mwenyewe ataona haya kukaa darasa moja na waliokuwa nyuma yake. Hakuna atakayekaa chini na kuamua kwamba masomo yameisha, ila yatakuwa yameisha.

Nchi yetu ililijaribu swali lako kwa watoto wote kwa pamoja, bila kukusudia. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kwa mafungu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi, na walioguswa ni wanafunzi wapatao milioni 15. Asubuhi ile ya Januari niliita majina katika daftari la mahudhurio la darasa langu, na kila nilipoita jina la msichana kukawa kimya, wenzake walitazamana kwanza kabla ya kunijibu. Mmoja alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Mwingine alikuja wiki ya pili, akasimama nyuma ya mwembe akiwa na mtoto mgongoni, akatutazama tukiimba wimbo wa taifa, na nilipotoka kwenda kumwita alikuwa ameshaondoka. Wazazi wa watoto hao walikuwa watu wema waliowapenda. Hawakuwatoa shule kwa hiari yao. Shule ndiyo iliyofungwa, na muda mtupu ukafanya kazi yake.

Hata bila korona hali haijabadilika sana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 uligundua kwamba msichana mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 alikuwa amekwisha kuzaa au alikuwa mjamzito, na ule wa 2022 ulikuta karibu hesabu ileile. Wanaoanguka zaidi katika hesabu hiyo ni wasiosoma na walioishia shule ya msingi. Katiba yetu ya 1995 inasema mtu haoi wala haolewi kabla ya kutimiza miaka 18, na Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016 imeweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa. Ni sheria nzuri, lakini polisi hawagongi mlango wa kila shangazi, na kwa mtoto wa umri wa binti yako shule ndiyo inayomlinda kila siku.

Sasa nije kwenye faida. Umeniomba nisikufiche, basi sitakuambia kwamba kila msichana anayesoma anakuwa daktari. Wapo wahitimu wa chuo kikuu wanaouza muda wa maongezi barabarani, na wewe unawaona kila siku. Wazazi wakiona hivyo huhitimisha kwamba shule ni hasara. Mimi nawaomba waangalie kwa kipimo kingine, na kwa bahati nzuri kipo kimoja kinachofanana na hali yako karibu kwa kila kitu.

Mwaka 2008 nchini Ghana, watafiti waliwachukua vijana 2,064 waliokuwa wamefaulu mtihani na kupata nafasi ya sekondari lakini hawakuweza kujiunga kwa kukosa karo. Kwa bahati nasibu walichagua 682 kati yao na kuwalipia, kisha wakawafuatilia wote kwa miaka mingi, waliolipiwa na wasiolipiwa. Kwa kuwa ilikuwa bahati nasibu, hakuna awezaye kusema kwamba waliosoma walikuwa na akili zaidi au wazazi wenye uwezo zaidi. Wasichana waliolipiwa walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walichelewa kuzaa, walizaa watoto wachache zaidi walipokuwa bado vijana, na hata miaka mingi baadaye walisoma na kuhesabu vizuri kuliko wenzao. Kipato hakikupanda kwa wote. Waliopata nafuu kubwa ya fedha ni wale waliofika vyuoni na kupata ajira. Lakini walipoanza kuzaa, vifo vya watoto wao wachanga vilipungua, na watoto hao walipopimwa akili walikuwa mbele ya watoto wa wasichana wasiolipiwa. Watafiti walipowatazama watoto wa wavulana waliolipiwa, hawakuona tofauti ya namna hiyo. Naomba uisome sentensi hiyo mara ya pili, maana ndiyo inayowajibu wazee wako vizuri kuliko nitakavyoweza mimi.

Jambo hilo limeonekana pia likitazamwa kwa upana wa dunia. Mwaka 2010 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha hesabu ya nchi 175, iliyoonyesha kwamba kati ya vifo milioni 8.2 vya watoto wa chini ya miaka mitano vilivyoepukwa kati ya 1970 na 2009, zaidi ya nusu vingeweza kuhusishwa na kuongezeka kwa elimu ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Zaidi ya nusu, ndugu yangu, katika kipindi kilekile ambacho dunia ilikuwa ikieneza chanjo, dawa za malaria na maji safi.

Wazazi huniuliza inawezekanaje kemia ya S3 imponye mtoto homa. Fikiria mtoto wa miaka miwili anayeamka usiku akiwa na joto kali hapa kwetu, ambapo malaria haijawahi kutuacha. Mama aliyesoma huhesabu tangu homa ilipoanza, akijua kwamba baada ya siku moja hatari inaongezeka. Akifika kituo cha afya hasimami nyuma akingoja kusemewa. Anaeleza, anauliza, na akiambiwa dawa hii ni ya asubuhi na jioni kwa siku tatu, anasoma mwenyewe kwenye pakiti na hasimamishi dawa siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza. Anatunza kadi ya chanjo na anajua tarehe iliyoandikwa humo ni ahadi. Mtoto akiharisha anachanganya maji ya chumvi na sukari kwa kipimo. Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye vitabu vya hesabu: amezoea kuinua mkono na kumjibu mtu mkubwa, kwa hiyo anaweza kumwambia mumewe au mama mkwe, kwa heshima lakini bila kuogopa, kwamba mtoto huyu aende hospitali leo. Miaka minne ya kusimama mbele ya darasa na kujieleza humpa binti sauti ambayo sijaona mahali pengine anapoweza kuipata kwa bei hiyo.

Sekondari humkinga yeye mwenyewe pia. Nchini Botswana, baada ya mfumo wa masomo kubadilishwa 1996 na vijana wengi kuongezewa mwaka mmoja wa sekondari, watafiti walilinganisha waliopata mwaka huo na waliowatangulia kidogo, wakakuta kwamba mwaka wa ziada ulipunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa kama nukta 8 za asilimia, yaani watu wapatao 8 pungufu katika kila 100, na kwa wanawake punguzo lilikuwa kubwa zaidi. Hapa kwetu Uganda, ambapo wasichana huambukizwa mapema kuliko wavulana wa rika lao, nadhani hilo linatosha kumfanya baba yeyote afikiri upya.

Kuhusu faida kwenda kwa watu wa mume, nawaheshimu wazee na najua wanasema kutokana na waliyoyaona. Zamani binti aliolewa mbali, akaonekana msibani na harusini tu. Leo pesa husafiri kwa simu. Tazama mtaani kwako ni nani anayelipa dawa za shinikizo la damu za wazee wagonjwa, ni nani anayetuma mabati nyumba ikivuja, na sina shaka utakuta mabinti wengi miongoni mwao. Tena ndoa huvunjika na waume hufariki. Binti asiye na elimu akirudi nyumbani na watoto watatu, mzigo unaurudia wewe ukiwa na miaka 60, lakini mwenye cheti na ujuzi akirudi, anakuja na mikono ya kuendesha nyumba. Na wale watoto wa watu wa mume, wazee wetu wanasahau kwamba ni wajukuu zao.

Kwa kuwa ulinisalimia kwa salamu ya Kiislamu, nitaongeza hili. Sote tulifundishwa madrasa kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, na hatukuambiwa kwamba faradhi hiyo inaishia P7 kwa wasichana. Mwanamfalme Badru Kakungulu, ambaye Waislamu wa Uganda hawatamsahau, alilielewa hilo mapema. Shule ya wasichana ya Nabisunsa ilianzishwa 1954 kwa juhudi zake, wakati ambapo shule nzuri za wasichana kama Gayaza, ya tangu 1905, na Namagunga, ya 1942, zilikuwa za makanisa, na wazazi wetu waliogopa kuwapeleka mabinti huko. Waliosoma Nabisunsa leo utawakuta mahakamani, hospitalini na bungeni.

Wala wasichana hawakupewa nafasi hizo kwa urahisi. Makerere ilianzishwa 1922 na haikuwapokea wanawake hadi 1945. Sarah Ntiro, mzaliwa wa Hoima, alipofika pale akataka kusoma hisabati, mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke, ikabidi achukue historia. Baadaye alikwenda Oxford, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Namtaja kwa sababu wapo wanaosema elimu ya wasichana ni wazo la wafadhili, lililoletwa pamoja na mabango na semina. Wanawake wa nchi hii walikuwa wakiipigania kabla mfadhili yeyote hajafungua ofisi Kampala.

Sasa tuingie kwenye fedha, ambako najua ndiko roho yako ilipo. Nimesoma barua yako mara kadhaa, na kila mara narudi kwenye sentensi moja, ile ya kijana wa S3 aliye bweni katika shule ya binafsi. Ninavyoona mimi, karo ya kijana huyo ndiyo inayofanya karo ya binti ikosekane. Ungekuwa na wavulana wawili, nadhani usingefikiria kumpeleka mmoja Kampala akauze duka. Ungewaondoa wote bweni na kuwapeleka shule ya kutwa. Basi fanya hivyohivyo. Simwombei binti mema kwa kumnyang'anya kaka yake, kwani kijana naye ana haki na yuko katikati ya safari. Ninachosema ni kwamba watoto wawili katika shule ya kutwa ya serikali wanaweza kugharimu pungufu ya mmoja aliye bweni, na ningependa ukae na kalamu na daftari lako la mauzo ulihakiki hilo kwa bei za shule mbili tatu za karibu kabla ya kumjibu shangazi.

Mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulianza 2007, miaka kumi baada ya ule wa shule za msingi. Anayepata jumla isiyozidi 28 katika mtihani wa P7 anastahili kuingia, na binti yako mwenye 17 ameingia kwa nafasi kubwa. Serikali huilipa shule ruzuku kwa ajili ya kila mwanafunzi, na mzazi anabaki na sare, madaftari, chakula na mahitaji mengine ya mtoto. Nenda shuleni mwenyewe ukamuulize mwalimu mkuu mambo mawili: kama shule bado imo katika mpango huo, maana zamani zilikuwamo hata shule za binafsi zilizoingia ubia na serikali na ubia huo umesitishwa, na kama kuna michango mingine inayotozwa kila muhula, ni kiasi gani, na kama inaweza kulipwa kidogo kidogo. Uliza bila haya. Posho, yaani ugali, na maharage ya mchana pia yaulizie, kwa sababu mtoto anayeshinda na njaa hadi saa kumi jioni hasikii hesabu, na msichana mwenye njaa ni rahisi kudanganywa na mwenye chapati.

Shule ya kutwa ina hatari zake, na ningekukosea kama nisingezitaja. Umbali ndio wa kwanza. Ikiwa shule iko zaidi ya mwendo wa saa moja, tafuta wasichana wengine wanaotoka upande wenu watembee pamoja, na mwambie wazi kwamba hapandi boda boda ya mtu asiyemlipa nauli. Usikubali kabisa apangishiwe chumba karibu na shule akae na wenzake bila mtu mzima. Wazazi hufanya hivyo kwa nia njema, ili mtoto apate muda wa kusoma, kumbe chumba kile kinakuwa wazi kwa kila mwanamume wa kituo cha biashara anayejua kwamba mwenye ufunguo ni mtoto na kodi yake imechelewa. Hatari nyingine iko ndani ya uzio. Wapo walimu wanaowataka wasichana. Nimewajua, na mmoja nilimripoti, akahamishwa tu kwenda shule nyingine, jambo linaloniuma hadi leo. Mjue mwalimu mlezi wa wasichana wa shule hiyo kwa sura na kwa namba ya simu, na binti ajue kwamba akikuletea habari ya mwalimu hutamuuliza kwanza yeye alifanya nini.

Hedhi ni jambo ambalo akina baba hukwepa, nami naomba usilikwepe. Katika wilaya ya Kamuli, huko Busoga, watafiti walifanya kazi na wasichana zaidi ya elfu moja katika shule nane; shule ambazo wasichana hawakupewa pedi wala mafunzo ya balehe zilipoteza mahudhurio kwa kama asilimia 17 zaidi ya zile zilizopewa. Bei ya pedi ni ndogo ukiilinganisha na muhula mzima unaopotea siku mbili mbili. Zipo za kufua zinazotumika kwa mwaka na zaidi, na zipo zilizobuniwa hapahapa Makerere na Moses Musaazi kwa kutumia mafunjo, yale yanayoota kwenye mabwawa yetu. Mpe mama yake fedha hiyo mwanzoni mwa muhula, iwe imetengwa kama ya madaftari.

Kuna jambo moja zaidi ambalo baba hapendi kulifikiria. Ikitokea akapata mimba, asifukuzwe nyumbani, na usikubali kuambiwa kwamba shule imemwishia. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamtaka apumzike mimba ikifika miezi mitatu na unaitaka shule impokee tena baada ya kujifungua, mtoto akishafika miezi sita. Walimu wakuu wengine hawaujui, wengine wanajifanya hawaujui, wewe ujue. Nimefundisha mama mmoja wa miaka 17 aliyekuwa akikimbia nyumbani mapumzikoni kunyonyesha na kurudi akiwa ametota jasho, na sijapata mwanafunzi aliyesikiliza kuliko yule.

Kisha, akiwa shuleni, fuatilia anajifunza nini. Kukaa darasani peke yake hakutoshi, na tuna watoto wengi wanaofika S4 wakisoma kwa kubabaika. Mwombe akusomee barua yako ya biashara, akupigie hesabu ya bale la nguo na faida yake. Mtaala mpya ulioanza S1 mwaka 2020 unataka wanafunzi wafanye miradi na kutengeneza vitu, na umeweka ujasiriamali na Kiswahili kuwa masomo ya lazima kwa S1 na S2. Mtoto aliyekulia sokoni Busia, anayesikia Kiswahili tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake, ana mtaji katika masomo hayo mawili ambao watoto wengi wa katikati ya nchi hawana. Na ikiwa baada ya S4 hataki au hawezi kuendelea na S5, kuna vyuo vya ufundi, na huko ningependa asisukumwe kwenye ususi na ushonaji peke yake kwa sababu ni msichana. Umeme na ufundi wa magari vinalipa zaidi, na mpaka wenu una malori kila saa.

Sijaona katika barua yako binti mwenyewe anasema nini. Muulize leo jioni, kaka yake akiwepo, na mfungulie hesabu zote mbili, ya bweni na ya kutwa. Watoto wa wafanyabiashara huzielewa hesabu mapema, na kijana anaweza kukushangaza. Kesho yake chukua karatasi ya matokeo uende naye shuleni, wewe mwenyewe, umwache avae sare yake ya P7 kama bado inamtosha. Shangazi mpigie simu ukisharudi, mshukuru kwa dhati, maana amejitolea nyumba yake, na mwambie binti atakuja kumsaidia dukani wakati wa likizo ya Desemba, akishafunga S1.